Chakula cha Kujenga Mwili kwa Fedha Kidogo

Siku ya mshahara, katika masoko mengi ya Kenya, watu husimama kwa safu mbele ya duka la nyama. Mwenye kupokea fedha hununua kilo moja, nyumba nzima hufurahi, na siku mbili tatu zikipita, sufuria hurudia ugali na mboga mpaka mwezi mwingine. Nyama ni chakula chema, wala hapana lawama kwa mtu apendaye kuila. Lakini mwili wa binadamu haujengwi mara moja kwa mwezi. Hujengwa kila siku, na kila siku hutaka vifaa vyake. Somo hili laeleza jinsi nyumba yenye fedha chache iwezavyo kupata vifaa hivyo siku zote 30 za mwezi, bila ya kuingia katika deni.

KAZI TATU ZA CHAKULA

Chakula kina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuutia mwili nguvu na joto, na hii hufanywa na mahindi, mchele, muhogo, viazi, sukari na mafuta. Kazi ya pili ni kuulinda mwili na maradhi, nayo ni kazi ya mboga za majani na matunda. Kazi ya tatu ni kuujenga mwili na kutengeneza sehemu zilizochakaa. Kazi hii hufanywa na kitu kiitwacho protini. Misuli, damu, ngozi na nywele vyote hujengwa kwa protini.

Mafuta yakizidi, mwili huyaweka akiba kwa siku ya njaa. Protini haina ghala la namna hiyo. Ndiyo sababu kilo ya nyama iliyoliwa mwisho wa mwezi haimfai mtu katikati ya mwezi unaofuata.

Kiasi anachohitaji mtu mzima si kikubwa kama wengi wanavyodhani. Wataalamu wa lishe wa Umoja wa Mataifa wamekadiria gramu 0.83 za protini kila siku kwa kila kilo moja ya uzito wa mtu. Basi mtu mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji gramu 50 hivi kwa siku. Mama mwenye mimba huhitaji zaidi, hasa katika miezi ya mwisho; na mama anyonyeshaye huhitaji nyongeza ya gramu 19 hivi kila siku katika miezi 6 ya kwanza. Mtoto mdogo huhitaji gramu chache, lakini ukilinganisha na uzito wake, haja yake ni kubwa kuliko ya baba yake, maana baba hutengeneza tu mwili alio nao, na mtoto yumo katika kuujenga.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEACHISHWA ZIWA

Mwaka 1933 daktari mmoja wa kike, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo huitwa Ghana, aliandika habari za ugonjwa aliouona kwa watoto wadogo. Mwaka 1935 aliuita kwa jina walilolitumia wenyeji wa huko wasemao lugha ya Kiga: kwashiakoo. Maana yake ni ugonjwa ampatao mtoto wa kwanza wakati mdogo wake azaliwapo. Wenyeji walikuwa wameona kweli. Mtoto aliyekuwa akinyonya huondolewa katika ziwa la mama kwa ajili ya mwenziwe, naye hupewa uji mwepesi wa mahindi usiokuwa na kitu kingine ndani yake.

Dalili zake ni hizi. Miguu huvimba, na uso pia, hata jamaa hudhani ya kuwa mtoto amenenepa. Nywele hupoteza weusi wake, huwa nyepesi na kung'oka kwa urahisi. Ngozi hubambuka. Mtoto hununa, hachezi, wala hataki chakula. Huyo si wa kungojwa nyumbani; yapasa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu ulionekana pia katika Afrika Mashariki. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na baadaye katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliuchunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu yake.

Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamesisitiza jambo jingine: upungufu wa protini hauendi peke yake. Mtoto asiyepata chakula cha kumtosha huzichoma hata protini chache alizo nazo ili apate joto na nguvu, kama mtu avunjaye viti vyake kuwa kuni. Kuharisha na surua huongeza madhara. Kwa hiyo mtoto hutaka protini, na pamoja nayo hutaka chakula cha kutosha chenye mafuta kidogo.

Hatari hii imepungua, lakini haijatoweka. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2014, watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko ilivyopasa kwa umri wao. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu ilikuwa imeshuka hadi 18. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, karibu mtoto 1 katika kila 5 bado alikuwa amekosa urefu wake.

BEI YA KILO SI BEI YA PROTINI

Mwaka 1931 John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga ya Kenya, na John Boyd Orr wa Uskoti, walitangaza uchunguzi wao juu ya chakula cha Wamasai na Wakikuyu. Waliona ya kuwa Wamasai, ambao wakati ule waliishi kwa maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu na wazito kuliko Wakikuyu, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa nafaka na viazi. Wengi waliosikia habari hiyo walisema ya kuwa mtu hapati mwili imara ila kwa nyama na maziwa. Lakini si kila mtu ana ng'ombe, na mwenye kukaa katika chumba cha kupanga mjini hana hata kuku. Je, huyo afanye nini?

Kwanza ajue ni kiasi gani cha protini kilichomo katika kila kitu anunuacho. Makadirio yafaayo kwa mahitaji ya nyumbani ni haya:

Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kilo 1: gramu 200.
Maharagwe makavu, kilo 1: gramu 220.
Mbaazi kavu, kilo 1: gramu 210.
Ndengu au kunde kavu, kilo 1: gramu 230.
Njugu karanga, kilo 1: gramu 250.
Soya, kilo 1: gramu 360.
Omena waliokaushwa vizuri, kilo 1: gramu 500 au zaidi.
Mayai, kila moja: gramu 6.
Maziwa, lita 1: gramu 33.
Unga wa mahindi, kilo 1: gramu 80.
Muhogo mbichi, kilo 1: gramu 15.

Msomaji aitazame orodha hii kwa makini. Kilo ya maharagwe ina protini nyingi kama kilo ya nyama, na hata kuzidi kidogo. Tena kilo ya nyama ikipikwa hupungua, bali kilo ya maharagwe makavu ikipikwa huwa zaidi ya kilo 2 za chakula. Omena, ambao wengine huwadharau kwa udogo wao, wamewapita wote.

Hesabu ya kupata bei ya kweli ni rahisi. Bei ya kilo igawanywe kwa gramu za protini zilizomo. Ikiwa sokoni kilo ya nyama yauzwa mara 4 ya bei ya kilo ya maharagwe, basi kila gramu ya protini itokayo katika nyama imemgharimu mnunuzi zaidi ya mara 4. Na nyama ikiwa na mifupa, gharama huzidi, maana mfupa umepimwa pamoja nayo. Bei hubadilika kwa majira na mahali; kwa hiyo hesabu hii yafaa ifanywe upya mara kwa mara. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAHINDI NA MAHARAGWE NI NDUGU

Hapa mtu aweza kuuliza: ikiwa kilo ya unga wa mahindi ina gramu 80 za protini, na watu hula ugali mwingi, kwa nini ugali peke yake usitoshe?

Jibu ni kwamba protini si kitu kimoja. Imefanywa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, nazo ni za namna 20. Namna 9 katika hizo mwili hauwezi kujifanyia wenyewe. Lazima zitoke katika chakula. Mfano wake ni kama mtu ajengaye nyumba ya udongo. Huhitaji nguzo, fito na kamba. Akiwa na fito 1,000 lakini kamba za kufungia fito 500 tu, nyumba yake haitapita kiasi cha kamba zile. Fito nyingine zitalala chini bure.

Katika mahindi, kamba iliyopungua ni asidi iitwayo lisini. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya protini ya ugali haiwezi kutumika kwa kujenga. Maharagwe yana lisini nyingi, lakini yamepungukiwa na asidi nyingine iitwayo methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Basi vyakula hivi viwili vikiliwa siku moja, kila kimoja hulipa deni la mwenziwe, na protini yao hukaribia kuwa njema kama ya nyama.

Wazee hawakujua majina ya asidi hizo, lakini walizila pamoja. Githeri ya Wakikuyu, isyo ya Wakamba na nyoyo ya Wajaluo zote ni mahindi yaliyopikwa na maharagwe au kunde. Watu wa Pwani hula mbaazi za nazi kwa mahamri, na wali kwa maharagwe. Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua njahi, ambazo ni jamii ya kunde. Anayeviona vyakula hivi kuwa vya kimaskini na kuviacha kwa ajili ya mkate mweupe na chai ya rangi amebadilisha shilingi kwa senti.

Kipimo kifaacho ni vikombe 2 vya mahindi kwa kikombe 1 cha maharagwe. Maziwa, mayai, samaki na nyama zina asidi zote zinazotakiwa. Kwa hiyo hata kidogo chake, kikichanganywa na nafaka, huongeza sana faida. Robo kilo ya nyama iliyokatwa ndogo ndogo ndani ya maharagwe, mara moja kwa juma, yafaa kuliko kilo nzima kwa siku moja ya mwezi.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Chukua mfano wa nyumba ya watu 5: baba wa kilo 65, mama wa kilo 55, na watoto wa miaka 10, 6 na 2. Baba huhitaji gramu 54 za protini kwa siku, mama gramu 46, na watoto gramu 28, 18 na 12. Jumla yake ni gramu 158. Kwa kuwa protini ya mimea haisagiki yote tumboni, ni vyema kulenga gramu 200.

Mama anunua kwa siku unga wa mahindi kilo 1 na nusu, maharagwe nusu kilo, maziwa nusu lita, sukuma wiki nusu kilo, na mafuta kidogo ya kupikia. Unga watoa gramu 120, maharagwe gramu 110, maziwa gramu 16, na mboga gramu 15. Jumla ni gramu 261, na lisini imo ya kutosha. Kama angetaka kupata gramu 110 za maharagwe yale kwa nyama, angelazimika kununua zaidi ya nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa kila siku, ambayo ni karibu kilo 17 kwa mwezi. Nyumba ya mfanyakazi wa kawaida haiwezi. Lakini kilo 15 za maharagwe kwa mwezi, zikinunuliwa wakati wa mavuno bei ikiwa chini, zaweza kupatikana.

NAMNA YA KUPIKA

Wengi huyaacha maharagwe kwa sababu ya kuni au makaa, wala si kwa sababu ya bei yake. Dawa ya jambo hili ni kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji yale asubuhi, na kuyapika kwa maji mapya. Huiva upesi zaidi, na gesi ya tumboni hupungua. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu iletayo kutapika na kuharisha; kwa hiyo ni lazima yachemke kwa nguvu kwanza. Baada ya kuchemka nusu saa, sufuria yaweza kufunikwa na kuwekwa katika kikapu kilichojazwa majani makavu au matambara, nayo yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kutia magadi hulainisha maharagwe, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka ni njia bora.

Omena waoshwe kwa maji ya moto ili mchanga utoke, kisha wakaangwe bila mafuta mpaka wakauke kabisa, wakapondwe kwa kinu. Unga wake wakaa siku nyingi katika chombo kikavu, na kijiko kimoja hutosha katika bakuli la mtoto.

MGAWANYO WA CHUNGU

Nyumba yaweza kununua vyema na kupika vyema, na bado mtoto akadhoofika. Hii ni kwa sababu ya mgawanyo. Katika nyumba nyingi kipande kinono huwekwa kwa baba na wageni, na watoto wote hula katika sahani moja. Wakubwa wana mikono mepesi. Mdogo hupata mchuzi tu. Mtoto wa miaka 2 apewe bakuli lake mwenyewe, na mtu akae naye mpaka amalize.

Tumbo la mtoto huyo ni dogo. Uji mwepesi hulijaza maji, naye hushiba kabla ya kulishwa. Uji wake uwe mzito, utiwe maziwa, au njugu zilizosagwa, au maharagwe yaliyopondwa, au unga wa omena, pamoja na mafuta kidogo. Apewe chakula mara 3 au 4 kwa siku. Maziwa ya mama peke yake yatosha kwa miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo aongezewe chakula, lakini asiachishwe ziwa mpaka atimize miaka 2 au zaidi.

Zamani katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanawake na watoto walikatazwa mayai au kuku. Katazo hili liliwanyima wale hasa waliokuwa na haja kubwa. Siku hizi kuna hasara nyingine ifananayo nayo. Mtu mwenye ng'ombe huuza maziwa yote, na mwenye kuku huuza mayai yote, kisha fedha hununua soda na biskuti za watoto. Kuuza si vibaya; lakini kikombe kimoja cha maziwa na yai moja la mtoto na vibaki nyumbani kabla ya kuhesabu vya kuuza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

RAHISI ILIYO GHALI

Lipo onyo moja. Mwenye fedha chache hujaribiwa kununua mahindi au njugu zilizoota ukungu kwa kuwa bei yake ni ndogo. Ukungu huo waweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini, wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 walikufa. Mavuno yakaushwe sawasawa juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu, yawekwe mahali pakavu penye hewa, na punje zilizobadilika rangi au kukunjamana zitupwe. Kumpa kuku punje hizo si njia ya kuokoa kitu, maana yeye pia hudhurika.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini kilo moja ya nyama mwisho wa mwezi haitoshi kuujenga mwili?
2. Katika soko lililo karibu nawe, gramu 100 za protini katika nyama zagharimu shilingi ngapi? Katika maharagwe je? Katika omena je?
3. Mahindi yamepungukiwa na asidi gani, nayo yapatikana katika chakula gani?
4. Taja vitu viwili viwezavyo kutiwa katika uji wa mtoto aliyeanza kula.
5. Chakula kipikwapo nyumbani, ni nani apakuliwaye mwisho? Je, huyo ndiye mwenye haja ndogo kuliko wote?

Swali la tano halina jibu katika somo hili. Jibu lake limo katika kila nyumba, wakati wa kupakua.